Sonde Iliyosema Maji ni Mazuri

Miaka ile kiwanda kilipoanza kufa, mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta. Sisemi hivyo kwa majivuno. Kukaa mbele ya kompyuta huku wenzako wanasukuma matoroli ya madini kulinipa maadui wengi kuliko marafiki. Walinitania kwamba nalipwa kutazama televisheni, na mimi sikuwajibu vizuri. Hasira zangu ziko karibu hata leo, na ujanani zilikuwa karibu zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwetu Likasi, mji wa machimbo, hata mtoto anajua kwamba shaba haiachani na jiwe lake bila asidi, na asidi ikimaliza kazi lazima iende mahali. Ya kwetu ilipita katika mfereji wa saruji, ikachanganywa na chokaa ili ukali upungue, kisha ikaingia mtoni. Mahali mfereji ulipokaribia mto palikuwa na nyumba ya pampu, na hapo fundi mmoja Mzungu alikuwa ametumbukiza kitu tulichokiita sonde, kijiti cha kioo chenye kitone chembamba mwishoni. Waya ulipanda kutoka kwenye sonde hadi chumba cha ghorofani, kwenye kompyuta yangu. Maji yasipokuwa na ukali, skrini ilionyesha saba. Yakianza kuwa makali namba ilishuka, sita, tano, na ikikaribia nne kengele ililia. Hapo nilimpigia simu mtu wa chokaa, naye akafungua bomba lake zaidi, na mimi nikakaa nikiitazama namba inavyopanda tena polepole.

Niliipenda kazi hiyo, na sioni haya kusema. Usiku na mchana mstari wa namba zile ulijichora wenyewe kwenye skrini, na asubuhi niliusoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Niliweza kujua saa ngapi zamu ya usiku ilisinzia. Watu wa zamu ya usiku hawakunipenda kwa hilo.

Chini ya nyumba ya pampu, bonde zima lilikuwa bustani za mboga. Wanawake wa parokia yetu walilima pale lengalenga, matembele na vitunguu, na mmoja wao alikuwa mama yangu. Baba alikuwa amekufa akiwa bado mfanyakazi wa kiwanda, na watoto wa marehemu dada yangu waliishi kwa mama. Bustani ile ndiyo iliyowalisha. Mama alizaliwa upande wa Kapolowe, kwa watu wa mashamba, na hakuyaamini maji ya Likasi hata siku moja. Kila asubuhi, kabla ya kuchota, alipanda ngazi hadi chumbani kwangu kuniuliza maji yameamkaje. Wenzake walipoona hivyo nao wakaanza kupanda. Mlinzi akalalamika kwamba kiwanda kimegeuka soko.

Ndipo tukapatana juu ya kitambaa, jambo ambalo halikuwa katika karatasi yoyote ya fundi. Nilichukua kipande cha kitenge chekundu cha mama, na kengele ikilia nilikifunga kwenye chuma cha dirisha. Kitambaa kikiwapo, hakuna kuchota. Kisipokuwapo, chota. Haukupita muda mrefu, wanunuzi nao wakakijua. Wale mama wa soko waliokuja kuchukua mboga kwa jumla walisimama kwanza darajani, wakatazama dirisha langu, kisha ndipo wakashuka kupatana bei. Mboga za bonde letu zilipata jina mjini kwa sababu zilikuwa na kompyuta yao. Nilitembea sokoni kifua mbele, lazima niseme.

Halafu mambo yakaharibika, na hayakuharibika mara moja bali kipande kwa kipande. Maduka ya mjini yaliporwa. Fundi Mzungu aliondoka na sanduku moja, akanipa mkono na maneno mengi. Mtu wa chokaa alikuwa amezaliwa Likasi kama mimi, lakini babu yake alitoka Kasai, jimbo jingine, na katika miezi ile jambo hilo lilitosha kumfukuza mtu. Nilimwona kwa mara ya mwisho kituo cha treni, amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, pamoja na mke wake na maelfu ya wengine. Nilimletea mkate. Aliniuliza kama bomba la chokaa lina mtu, nikamdanganya kwamba lina mtu. Mshahara ulianza kuchelewa, ukawa mfuko wa unga, kisha ukawa ahadi.

Mimi niliendelea kwenda kazini. Tulienda wengi, tusije tukaonekana tumeacha, maana aliyeacha alipoteza hata ile ahadi. Umeme ulikuja na kuondoka utakavyo. Ulipokuwapo, niliwasha kompyuta, nikatazama mstari wangu.

Sonde ile haikuumbwa kuishi milele. Fundi alikuwa amenieleza kwamba kioo chake huchoka, na lazima ibadilishwe kila baada ya muda. Mpya zilikuwa zikitoka Ulaya katika visanduku vidogo vyenye pamba. Nilifungua kisanduku cha mwisho, nikaitumbukiza sonde, nikajua kwamba baada ya hiyo hakuna nyingine.

Kiangazi kilichofuata, mstari ukanyooka. Haukupanda wala kushuka. Saba asubuhi, saba mchana, saba umeme ulipoondoka na saba uliporudi. Mwanzoni nilifurahi. Shefu wangu, yaani mkubwa wangu wa kazi, mtu wa masomo mengi na suruali iliyokuwa ikimpwaya kila mwezi zaidi, aliuchapisha mstari ule akaubandika ukutani, akasema maji hayajawahi kuwa mazuri namna ile. Lakini mimi nilikuwa napita kwenye ghala la chokaa kila siku, na ghala lilikuwa tupu. Kuku walikuwa wanataga mle ndani. Basi nani alikuwa anayapunguza maji ukali?

Nikashuka nikaitoa sonde mferejini, nikaiosha, nikaitia katika kikombe cha maji ya ndimu. Nilipanda ngazi kutazama skrini. Saba. Nikaomba kwa dereva wa lori asidi kidogo ya betri, ile inayotoboa nguo, nikaitumbukiza humo. Saba. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Sonde ilikuwa imekufa, na sonde ya namna ile ikifa hainyamazi. Inasema maji ni mazuri. Fundi alinifundisha mambo mengi, lakini hilo hakuniambia, au aliniambia siku ambayo sikudhani ningelihitaji.

Nilimwendea shefu nikiwa nimechemka. Nilimwambia mstari wake wa ukutani ni uongo mtupu. Hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alifunga mlango, akaniuliza sonde mpya itatoka wapi. Alikwisha kuomba hata karatasi za kuandikia, hajajibiwa. Kisha akasema akiripoti kwamba hatupimi tena, chumba kitafungwa, na sisi wawili tutakuwa wa kwanza kukatwa. Alikuwa na watoto saba. Kila alilosema lilikuwa kweli, na maji yalikuwa yanapita pale nje.

Nikafanya kitu kimoja nilichoweza kufanya. Nilitoa kitambaa, nikakifunga dirishani, nikakiacha.

Siku ya kwanza wanawake walisubiri. Walikuwa wamezoea, ukali hupita na kitambaa hutolewa. Siku ya pili walisubiri, ya tatu wakaanza kunung'unika. Jua la kiangazi halisubiri mtu, na lengalenga lilianza kulegea. Wanunuzi walifika darajani, wakatazama juu, wakageuka na vikapu vyao. Hatimaye wanawake walipanda ngazi, mlinzi akiwa hana tena nguvu ya kumzuia mtu, wakajaa chumbani kwangu. Mama alikuwa nyuma yao.

Mkubwa wao, mama mmoja aliyekuwa mwimbaji kanisani, ndiye aliyesema, akiniita papa kama mama zetu wanavyowaita wanaume, hata wana wao.

"Papa, tuambie tu. Maji iko muzuri ao iko mubaya?"

"Siyue, mama. Mashini ilikufa."

Aliitazama kompyuta. Umeme ulikuwapo siku hiyo, na mstari wa kijani ulikuwa unatembea, mzuri, umenyooka.

"Ilikufa? Na hii inawaka ni nini?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema kichwa cha mashine kinafanya kazi ila ulimi wake ndio umekufa, na kichwa kinarudia neno la mwisho la ulimi. Hata mimi nilisikia nilivyosikika, kama mtu anayeficha kitu. Mmoja akauliza kama nimenunuliwa na wenye mashamba ya ng'ambo ili mboga za bonde letu zioze. Nilipandisha sauti, nikasema maneno ambayo mtu hawaambii mama zake. Walishuka bila kuniaga.

Najua swali utakaloniuliza, kwa sababu nilijiuliza mwenyewe nikiwa kitandani: hapakuwa na njia nyingine ya kupima? Karatasi za maabara za kupimia asidi zilikwisha zamani. Nilionja kwa ulimi. Maji yale yalikuwa na ladha ya sarafu hata siku zake njema. Nilitazama vyura, na vyura walikuwapo, kisha hawakuwapo, kisha wakawapo. Ukali hautiririki siku nzima. Hupita ghafla, tangi moja limefunguliwa huko juu, na baada ya nusu saa umekwenda na maji yanang'aa. Kuuona kulihitaji jicho lisilolala, na jicho hilo ndilo lililokufa. Huenda siku nyingi maji yalikuwa salama kabisa, maana kiwanda chenyewe kilifanya kazi siku chache. Huenda. Sijawahi kulichukia neno kama nilivyolichukia hilo.

Mama alinifuata nyumbani kwangu jioni yake. Hakuketi. Alisema taratibu, kama alivyosema nilipokuwa mdogo na nimefanya jambo la kumtia haya.

"Toa ile kitambaa, papa."

Nilimwambia siwezi.

"Weye iko na masomo, iko na mashini, unaniambia hauyue. Bon. Miye siyue maji. Lakini njaa, ile nayua. Batoto banalala na chai. Ile kitambaa yako njo itatuua, haiko maji."

Nilimwuliza afadhali nifanye nini, niwaambie watu maji ni mazuri nami sijui? Aliniuliza kama nina kitu kingine cha kuwapa watoto wale. Sikuwa nacho. Siku ile nilikuwa nimekula muhogo wa kuchemsha kwa jirani. Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima mwenye ndevu, na yeye akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake bila kubadilisha neno lake hata moja. Kitambaa sikukitoa. Yeye kesho yake alichota maji, peke yake, na wenzake walimtazama.

Jumapili baada ya misa aliniita kula. Nilijua kuna jambo, maana wiki hizo hakuna aliyemwita mwenzake kula. Nilipofika, bukari, ugali wetu, ilikuwa imetulia katikati ya meza, na kando yake bakuli la lengalenga lililopikwa kwa karanga. Majani yalikuwa ya kijani kizuri. Sikuuliza yametoka wapi. Watoto wa dada walikuwa wamekwisha kunawa, wamekaa kwenye mkeka, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mlangoni alisimama mama mwimbaji. Alikuwa amekuja kuomba chumvi, na alipopewa chumvi hakuondoka. Nyuma yake walikuwapo wengine wawili, nao wamekuja kwa sababu zao.

Nikaelewa kwamba wote wananingojea mimi.

Nilitazama bakuli. Nikikataa, mboga ya mama ingekuwa imehukumiwa mbele ya mashahidi, na hakuna mtu angemnunulia tena jani hata kiangazi kipite. Watoto wangelala na chai tena. Nikila, nisingekuwa nimekula mboga tu. Nilitaka mtu aniambie kuna njia ya tatu. Mdogo kuliko wote, msichana wa dada yangu, alikuwa anameza mate.

"Kula, papa," mama alisema. "Bukari inapoa."

Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Mboga ilikuwa tamu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa hasira kuliko yote, kwamba ilikuwa tamu sana, na mimi nilikuwa na njaa. Nilipomega tonge la pili mikono ya watoto ilikuwa imejaa bakulini. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

Jumatatu nilikwenda kazini mapema. Kutoka dirishani niliwaona wakishuka bondeni wote pamoja, na ndoo zao na mabeseni yao, wakizungumza kwa sauti kama zamani. Hakuna aliyetazama juu kwenye kitambaa. Waliinama, wakachota, wakaanza kumwagilia kuanzia ukingoni. Mama yangu alikuwa mbele, na ndoo yake ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Nilisimama nikamtazama akipumzika mara mbili njiani. Kisha nikashuka ngazi kwenda kumsaidia kubeba.