Seli Zilizokataa Kufa

Baba alikuwa mchongaji wa mpingo pale Mwenge, nami nilikuwa nafundisha baiolojia sekondari. Miaka ile ya soko huria watalii walimiminika, na kila mchongaji alihangaika kutafuta mtindo wake. Kwa hiyo baba alipoanza kuchonga vinyago upande wa kulia tu, kushoto kukabaki gogo na magome yake, wenzake hawakushtuka. Walimpongeza. Wengine wakaanza kumuiga! Nikikumbuka hupandwa na hasira, ingawa hata mimi, msomi wa nyumba, nilichukua kimoja nikapambia sebule.

Tulishtuka siku alipokula nusu ya sahani akalalamika kwamba wali hautoshi, na nusu nyingine iko mbele yake. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kulia, ule unaomwezesha mtu kutambua vilivyo kushoto kwake. Daktari alisema umekaa pabaya, hauwezi kukatwa.

Nilimwendea mtu niliyesoma naye chuo kikuu, ambaye sasa alikuwa mtafiti. Miaka yote niliwaimbisha wanafunzi kwamba mitokondria ni jiko la seli, ndimo nguvu inamopikwa. Kumbe, aliniambia, jiko hilohilo lina kazi nyingine, ndiyo kwanza watafiti wanaigundua. Seli ikiharibika, utando wa mitokondria hutoboka, protini huvuja, na seli hujimaliza kimyakimya bila kumdhuru jirani. Seli za uvimbe huzuia utando usitoboke. Zinatakiwa kufa, hazifi.

"Dawa ya kuzilazimisha ipo?"

"Bado, dada. Labda watoto wetu wataiona."

Nilitamani kumzaba kibao, maskini, kwa kosa la kusema kweli.

Baba naye akataka kujua. Nikakaa mkekani nikamweleza yote, jiko, utando, protini, kwa sauti yangu ya darasani, maana sauti nyingine sikuwa nayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mie nakufa kwa sababu zenyewe zimekataa kufa?"

"Ndiyo, baba."

"Si wewe mwalimu? Kazifundishe basi, mwanangu."

Hakuwa akitania. Alinitazama kwa imani kabisa, kama mtu aliyeuza vinyago vyake vyote kunisomesha na sasa anaona faida yake. Nikamwambia nitajaribu. Kisha nikatoka uani, nikajifanya naanua nguo ambazo bado zilikuwa zinachuruzika maji.