Keki za Winifred Askew

Winifred Askew alivunjwa vidole viwili kwenye lango la shamba la Thripp, akavifunga kwa leso, akapanda baiskeli yake na kumaliza maili ishirini na sita zilizobaki. Nilikuwa nyuma yake. Nilitaka kurudi nikamtoe Roland Thripp roho, na mimi ni mwenye bucha, visu navijua. Winifred akageuza kichwa.

"Nev, ukimgusa umeipoteza njia. Kanyaga."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu migumu ya mtu aliyesambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini. Alipostaafu hakujua kukaa. Kila Jumapili alituongoza watu wa chama chetu cha baiskeli, kumi au kumi na wawili, wengi wetu tukiwa na mvi, kupitia vijiji vya huku Shropshire. Njia alizichora mwenyewe kwenye kadi: kanisani shika kushoto, penye bata punguza mwendo, kwenye baa ya Upper Marding usisimame, chai yao mbaya. Wageni wakiziona kadi zile hudhani maisha yetu ni kondoo, maua na skonzi. Waje waone mgongo wangu ulivyo.

Hakuna kadi hata moja iliyopita barabara kuu. Huko ndiko alikofia Len, mumewe. Walikuwa kwenye baiskeli ya watu wawili, Len mbele, Winifred nyuma, lori la maziwa likawabana. Len akavutwa chini ya magurudumu. Winifred alirushwa mtaroni bila hata mchubuko, na alipotoka alimkuta mumewe hana uso. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunabandika kiraka kwenye mpira, na hakuacha kubandika.

Sasa, kutoka Upper Marding kwenda Coldwick kuna njia mbili tu. Kuna barabara kuu, na kuna Njia ya Hollin, kinjia cha majani kinachokatiza shamba la akina Thripp. Usipopita Hollin, utapita pale alipofia Len. Winifred alianza kuipita Hollin kiangazi kile kile alichofiwa, na sisi nyuma yake.

Na sheria ya kwetu kuhusu njia ni hii. Watu wakiipita miaka ishirini mfululizo, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kupewa ruhusa, inakuwa njia ya wote milele, mwenye shamba apende asipende. Ukipigana, umeiharibu. Ukiruhusiwa, umeiharibu pia, maana umekuwa mgeni. Inabidi upite kama mtu anayepita kwake.

Miaka tisa ya kwanza ilikuwa raha. Shamba lilikuwa la mzee Amos Thripp, aliyekuwa akituvulia kofia kwa mbali. Amos akafa, akaja mwanawe Roland, na hapo ndipo tulipoanza kula vipigo.

Alianza na mbwa. Mbwa alining'oa kipande cha kigimbi, nikashonwa nyuzi kumi na nne. Akafuata na seng'enge aliyoifunga kati ya miti miwili, usawa wa kifua cha mtu. Mwalimu mmoja mstaafu aliiingia kwa kasi, akavunjika mtulinga, akalia kama mtoto. Siku nyingine alikuja na trekta, akatusukumia mtaroni na baiskeli zetu. Fimbo ndiyo usiseme. Alitozwa faini mara mbili, akalipa huku anacheka.

"Bibi, umepotea tena?" angeuliza, fimbo mkononi. "Kwenu hawajaona barabara?"

"Wameiona, Roland. Hii nzuri zaidi."

"Leo nakuvunja kiuno."

"Na wewe asubuhi njema. Mamako anaendeleaje na magoti?"

Na angepita. Fimbo ingemshukia mgongoni, puu, naye angepita. Nikimsogelea Roland, Winifred angeniita jina langu zima, Neville, kama mama anayemwita mtoto aliyeshika kiberiti. Wahenga wamesema mwenye nguvu mpishe. Sisi hatukumpisha, hatukumrudishia, tulibaki kuhesabu Jumapili. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia uvumilivu ule. Usiku nilikuwa nasaga meno mpaka mke wangu akahamia chumba cha pili.

Miaka ishirini ikatimia, tukaomba njia itambuliwe kuwa ya wote. Serikali ikamtuma mkaguzi, mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani. Alitusikiliza katika ukumbi wa kijiji, saa nne asubuhi, na viti havikutosha. Nilivua shati nikamwonyesha makovu. Mwalimu akaonyesha mtulinga. Mkaguzi akamgeukia Roland.

"Kwa hiyo hukuwahi kuwaruhusu?"

"Kuwaruhusu? Nimewapiga kila Jumapili miaka kumi na moja."

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka zaidi ya wote. Mpumbavu yule alikuwa anatupa njia kwa mdomo wake mwenyewe. Kila fimbo aliyonichapa ilikuwa ushahidi wetu.

Akaitwa Winifred. Alivaa koti lake la kanisani. Alijibu vizuri: tarehe, majina, idadi ya watu. Mkaguzi alikuwa ameshaanza kufunga daftari alipouliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Na mzee Amos, yeye mlielewana?"

"Sana," akasema Winifred. "Kila Krismasi nilimpelekea keki."

Nilimkodolea macho, nikamkanyaga mguu hewani, lakini alikuwa mbali.

"Keki ya nini?"

"Ya kumshukuru."

"Kumshukuru kwa lipi, Bi Askew?"

Winifred akamtazama kama anayetazama mtu asiye na adabu. "Kwa kutuacha tupite. Aliniambia siku ile ya kwanza langoni, pita tu mama. Huwezi kupita shambani kwa mtu miaka tisa usimpelekee hata keki."

Hakuna aliyecheka. Uungwana ni vitendo, hivyo ndivyo tulivyolelewa sote mle ukumbini, na sote tulikuwa tumeelewa isipokuwa yeye. Keki tisa, ruhusa ya miaka tisa. Ilibaki kumi na moja ya vipigo, na kumi na moja si ishirini. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Roland alikuwa akinitazama, na taratibu akaanza kutabasamu.

Nilimkuta Winifred nje, ameshika usukani wa baiskeli. Niliona aibu kwa niaba yake, na hasira pia, siwezi kuficha.

"Ungesema hukumbuki," nikamwambia.

"Nilikumbuka."

"Mimi nimepigwa miaka kumi na moja, Winnie!"

"Kwa hiyo bado tisa," akasema. "Nitakuwa na themanini na tatu. Baba yangu aliendesha mpaka themanini na sita. Mradi Roland aendelee kutupiga."

Alikuwa hatanii. Jumapili iliyofuata tukaenda Hollin, watu kumi, na mimi nilikuwa nimevaa makoti mawili kwa ajili ya fimbo. Roland alikuwepo. Hakuwa na mbwa wala fimbo. Lango lilikuwa wazi, naye amelishika kama bawabu wa hoteli, amenyoa, amevaa tai.

"Karibu, Bi Winifred," akasema kwa sauti ili wote tusikie. "Pita tu. Leo na siku zote. Mimi Roland Thripp nakuruhusu."

Hakuna fimbo aliyowahi kutuchapa iliyouma hivyo. Kwa neno moja ile kumi na moja ilikuwa imekufa, na tisa iliyobaki haingeanza kamwe. Winifred alishuka. Akaweka mkono wenye vidole vilivyopinda juu ya tandiko.

"Nev, nipe pampu."

Nilidhani gurudumu limeisha upepo. Nikampa ile ya chuma, ya zamani, iliyokuwa ya Len. Akampiga Roland nayo mdomoni. Roland akapiga magoti, naye akampiga tena, halafu tena, bila haraka, kama anayegonga msumari. Meno mawili yakadondoka juu ya tai. Hakuna kati yetu aliyesogea. Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Hii inahesabika kuwa nguvu?" aliniuliza akihema.

"Inahesabika."

"Vizuri. Basi mimi si mgeni wake."

Akaifuta pampu kwenye majani, akanirudishia. Akamruka Roland aliyekuwa akitapika damu, akalifunga lango na kuhakikisha komeo limeshika, kondoo wasije wakatoka. Kisha akageuza baiskeli kuelekea barabara kuu.

Tulipofika pale njia ya kijiji inapoingia barabara kuu, malori yalikuwa yakipita moja baada ya jingine na upepo wake ukituyumbisha. Nilisogea mbele nimkinge. Akanishika mkono.

"Kaa nyuma yangu, Nev," akasema. "Wa nyuma ndiye anayepona."

Akatangulia.