Mama mkwe na majivu yangu

Jamani, mama mkwe kanifuta majivu ya Kwaresima usoni!

Yeye ni Mwislamu wa Kingazija, mimi Mkristo wa kisiwa cha Nosy Be. Tangu niolewe huku mjini Mahajanga, mwaka ule wa uhuru, hajawahi kunishika hata mkono. Leo kanisani nimemwombea yeye tu.

Narudi, ananikuta mlangoni. Akalowesha pindo la leso kwa mate, akanisugua kipaji cha uso.

"Mwanangu, una masizi!"

Mwanangu! Nimsahihishe ili iweje?

Mume wangu ndiye aliyepiga kelele: "Mama, hiyo ni alama ya kanisani!"

Mama wa watu akashtuka. Akakimbilia jikoni, akarudi na majivu kidoleni.

"Ilikuwaje?"

Nikamshika mkono, tukauchora msalaba pamoja.

Leo sinawi uso. Anayetaka kuuona, aje mtaani kwetu, Tsaramandroso.