Mashine Iliyozima Kila Dakika Kumi

Naikumbuka vizuri Alhamisi moja kule Jeddah, mwanangu, nikiwa nimepiga magoti kwenye nyasi za watu mbele ya mashine iliyokataa katakata kunisikiliza. Najua unafunga sanduku, wiki ijayo unapanda ndege, na mtu anayesafiri huwa na mambo mengi kichwani. Hata hivyo keti kidogo. Mimi si mzee wa kutembelea mkongojo bado, lakini kuna somo nililolipata kwa aibu, na sitaki nawe ulipate kwa njia hiyo hiyo.

Wakati ule sisi tuliopitia kwa maajenti wa Nairobi tulifundishwa jibu moja kabla hata ya kupewa tiketi: ukiulizwa kama unajua kazi, sema unajua. Kuendesha gari, najua. Bustani, najua. Mashine, tena najua sana! Na mimi nilikuwa nimeuza mitumba tu Kitale tangu nitoke shule. Basi nikafikia Riyadh, katika ofisi moja ya maajenti wa huko, pale Sulimaniyah, nikawakuta wanaume wawili wameketi juu ya mkeka wakingoja kurudishwa Kenya, kwa kuwa waajiri wao waliwakataa ndani ya miezi mitatu ya majaribio. Hawakuwa wakiongea hata wao kwa wao. Nikaapa sitakuwa wa tatu.

Kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, alikaa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba yenye bustani pana ya nyasi. Getini alikuwepo mlinzi Mkenya mwenzangu, Mzee Barasa wa Bungoma, mtu wa maneno machache, ambaye kabla ya kwenda Uarabuni aliendesha kinu cha kusaga mahindi kwa miaka mingi. Hilo la kinu sikulijua wakati huo, na wala sikuuliza. Mimi niliona koti la ulinzi tu.

Mashine ya kukata nyasi ikaanza vituko wiki yangu ya kwanza. Inawaka vizuri, inakata kama dakika kumi, kisha inakohoa na kuzima. Nikiongeza petroli inawaka tena, dakika kumi, kimya. Nikaamua kwamba petroli ndiyo mbaya, nikabadilisha kituo. Nikasugua plagi hadi ikang'aa. Wapi! Siku ya tatu Mzee Barasa akanisogelea, akaniuliza kwa upole ilianza kuzima lini, na niliigusa wapi kabla haijaanza. Nikamjibu kwamba sikuigusa popote, na kwamba yeye aangalie geti, mimi niangalie mashine. Ndiyo, nilimwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu. Akarudi kwenye kiti chake bila kununa.

Jumatano bosi akatoka kuitazama bustani, upande mmoja umenyolewa, mwingine umesimama kama kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi. Akasema Ijumaa anapokea wageni wa posa ya binti yake pale pale bustanini. Akasema kabla sijaja mashine ilikuwa nzima, na Ijumaa ikifika nyasi hazijakatwa, mimi narudi Riyadh ofisini, mafi kazi, yaani hakuna kazi. Nikajiona juu ya ule mkeka.

Hofu ikanituma nifungue kabureta, na sikuwa nimewahi kufungua kabureta maishani. Ndiyo hiyo Alhamisi asubuhi, vipande vimetandazwa juu ya kitambaa, nami sijui kipi kilitoka wapi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limevunjika mahali pawili. Nikainuka, nikaenda getini.

"Mzee," nikasema, "mimi sijui mashine. Nilidanganya."

Hakunicheka, wala hakuniuliza mbona sasa. Alinawa mikono, akaketi chini, akarudisha kipande kimoja kimoja bila haraka. Kisha akafanya jambo ambalo nalistaajabia hadi leo: hakugusa kitu kingine. Akaiwasha, akatazama saa, akakunja mikono. Akanieleza kwamba injini isiyowaka ina ugonjwa wake, na inayowaka kisha ikazima ina ugonjwa mwingine. Hii ya pili huifungui, unaikalia ikuonyeshe yenyewe. Ilipozima alilegeza kifuniko cha tangi taratibu na kuniambia nitege sikio. Nikasikia hewa ikivutwa ndani, fyuu. Chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

Ilikuwa yangu. Siku ya kwanza niliona petroli ikivuja kwenye kifuniko nilipoinamisha mashine, na mkono ukafanya yale tunayofanya nyumbani tukifunga mtungi wa mafuta ya taa: ukachana nailoni, ukaiweka, ukakaza. Kila nilipoongeza petroli niliirudisha mwenyewe bila hata kuifikiria. Kumbe kifuniko kile kina tundu dogo la hewa, na petroli ikipungua bila hewa kuingia tangini, haishuki tena, injini inakaukiwa. Nilikuwa nimeinyonga mashine kwa mikono yangu, halafu nalaumu vituo vya petroli!

Nilimsihi Mzee Barasa tuitupe nailoni ile na tunyamaze. Akaniwekea kiganjani.

"Mpelekee bosi mwenyewe," akasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja atakupa gari uwapeleke watoto wake shule. Hilo nalo utasema unajua?"

Nilienda. Nikamweleza bosi kwa Kiarabu changu cha kubahatisha kwamba kosa ni langu, kwamba mimi si fundi, na gari pia sijui. Mzee Barasa alikuwa amesimama kando, haniombei, hanishtaki. Mwishowe bosi akasema halas, yamekwisha, nyasi zikatwe, na huyu mzee anifundishe. Nikakata hadi adhuhuri na mashine haikuzima hata mara moja. Nilikaa nyumba ile miaka minne, na gari akapewa dereva aliyelijua.

Nimekutana na mafundi wengi wenye vyeti tangu wakati huo, lakini sijaona wa kumfikia mlinzi yule.

Basi, mwanangu, kitu kikikuharibikia, kabla hujafungua skrubu hata moja jiulize mkono wako ulipita wapi mwisho, hasa ulipopita kwa mazoea. Aliyekuzidi umri akikuuliza swali, mjibu swali lake, usitazame koti alilovaa. Na maajenti wakikufundisha kusema unajua, wewe sema utajifunza. Mimi aibu ya kusema sijui ilinishika asubuhi moja tu. Watoto wa yule bosi waliokuwa shuleni walikuwa watatu, na mdogo wao alikuwa na miaka sita, na hakuna siku waliyopanda gari nililoendesha mimi.

Nenda salama. Mungu akulinde ugenini, akupe mwajiri mwenye huruma, akukutanishe na mtu kama Mzee Barasa, na akujalie adabu ya kumsikia mara ya kwanza.