Bakuli la Swafia

Fadhiya hakuzaliwa na siasa. Miaka ishirini na miwili alifundisha chekechea hapo Kuze, akiwafuta watoto kamasi na kuwahesabisha kokwa za ukwaju. Kisha taka zikalala wiki tatu mlangoni pa shule, akaenda ofisini kulalamika, akaambiwa, "Mama, hayo ni ya diwani." Akasema basi, diwani nitakuwa mimi. Watu walicheka! Siku hizi jina lenyewe ni mwakilishi wadi, lakini Kuze hawana habari na hilo. Diwani ni diwani. Mara ya kwanza alishindwa vibaya. Mara ya pili alipita kwa kura sitini na tatu, na hizo sitini na tatu, tusidanganyane, alizitafuta Swafia.

Swafia ni shoga yake tangu chuoni kwa maalimu wa Kurani, walipokuwa wakichapwa kwa kosa moja na fimbo moja. Aliolewa Kizingo kwenye jumba kubwa, ana duka la leso Biashara Street, lakini wakati wa kampeni alishuka mtaani kwa miguu, akagonga mlango kwa mlango, "Mpeni Fadhiya, mpeni Fadhiya," mpaka sauti ikamkauka. Wema kama huo mtu hausahau.

Basi Ramadhani ilipoingia, mumewe Swafia akaleta ombi la kujenga ghorofa saba kwenye kiwanja cha Kisimani. Na Kuze, kwa asiyeijua, ni vichochoro vitupu. Kiwanja ni hicho kimoja. Hapo watu huozesha watoto wao, hapo huswalia maiti wao. Mamake Fadhiya jeneza lake liliwekwa hapo siku msikiti ulipofurika. Ombi likaenda kwa kamati ya ardhi, wajumbe tisa, Fadhiya mmoja wao. Akahesabu: wanne wanalitaka, watano wanalipinga, naye akiwamo. Akiteleza mmoja tu, kiwanja kimekwenda.

Hapo ndipo alipokosea. Swafia alimletea futari. Dereva aliliacha gari barabarani, akaingia kichochoroni na bakuli la kaure lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa la ukindu, akayapita mabaraza yote. Kesho yake Fadhiya akalirudisha limejaa vibibi vya mchele na nazi. Angefanyaje? Chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mimi nawe basi. Alifanya alivyofunzwa na mamake, wala hakufikiri mara mbili. Na diwani asiyefikiri mara mbili ana kazi gani?

"Mama Diwani," Kombe fundi cherehani akamwita kutoka barazani, "naona kiwanja chetu siku hizi chapikwa Kizingo."

"Kombe, nina saumu. Usinitie maneno."

"Mimi? Aka! Mimi nashona tu."

Jumanne bakuli likaja tena. Na kabla hajalifunua, Eddah, mjumbe mwenzake katika wale watano, akapiga simu. "Mheshimiwa, huyo bwana wa Swafia anatuambia mmeshamalizana, vyombo vyenu vinakwenda vimejaa na kurudi vimejaa. Mimi ni mtu wa kuja, lakini hata mimi najua maana yake. Kama wewe umekubali, mimi nipigane na nani?"

"Wallahi sijakubali!"

Eddah akakata simu. Kura ilikuwa Alhamisi. Akajua kiapo cha kwenye simu hakitoshi.

Futari ile aliipeleka msikitini. Jumatano baada ya alasiri akaliosha bakuli, akalifuta, akatoka nalo mkononi bila kawa, kila mtu alione ndani. Kombe akasimamisha cherehani.

"Mama, hukusahau kitu humo?"

"Sikusahau kitu."

Akaenda nalo hivyo hivyo mpaka Biashara Street. Swafia alikuwa akimkunjulia mteja leso. Akaliona bakuli, leso ikamwanguka.

"Fadhiya. Wanirudishia tupu?"

"Tupu."

"Mbele za watu?"

"Nawe ulinitumia mbele za watu, shoga yangu."

"Mimi nilikutumia futari!" Swafia alisema, na machozi yakamlenga. Hapo Fadhiya alitamani ardhi immeze, maana yale hayakuwa macho ya mtu anayedanganya. Pengine hakujua mumewe alilifanyia nini bakuli lile. Akaliweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga, kwani angeaga angelibeba tena.

Alhamisi kura zilikuwa tano kwa nne. Mkono wa Eddah ulikuwa wa mwisho kuinuka.

Siku ya Idi, kiwanja cha Kisimani kilijaa, watu wakaswali bega kwa bega. Fadhiya alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alijaza vibibi bakuli la marehemu mamake, akalifunika kawa, akamwomba Kombe alipeleke Kizingo.

Kombe alirudi kabla ya adhuhuri. Hakuwa na mzaha, mtu yule ambaye hata mazikoni hutania. Alimkabidhi bakuli huku akitazama chini, akaenda zake.

Fadhiya akainua kawa. Vibibi vilipokelewa, na bakuli lilikuwa limeoshwa likang'aa, tupu.

Nje walikuwa wakimwita, "Mama Diwani, toka tukupe mkono wa Idi!" Akatoka. Akaketi kizingitini na bakuli mapajani, akalia mbele ya wote, diwani mzima.