Nilivyovuka Kigamboni Kumrudishia Mwajuma Jina Lake

Nyie wajukuu mtakaosoma haya, simu wekeni pembeni kwanza. Mie shule niliishia la tatu, nitaandika kama ninavyosema. Nilikwenda Kigamboni kumrudishia mdogo wangu Mwajuma jina lake, maana tulimzika kwa jina langu.

Kosa ni langu. Mwajuma hakuwa na bima ya matibabu. Mie ninayo, kupitia kazi ya mwanangu Hamisi. Alipobanwa na kifua nikampa kadi yangu. Tumefanana, tukijitanda ushungi nani atatujua? Nikamwambia, "Ukiulizwa, wewe ndiye Mwanahawa." Akaenda zahanati ileile ya Kigamboni nilikotibiwa mie miaka yote kabla sijahamia Kinyerezi. Akafia hukohuko. Kibali cha mazishi kikatoka na jina la kwenye kadi, na sie tukanyamaza.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kinyerezi. Hamisi alinikuta mlangoni nimeshavaa buibui.

"Mama, watu wa bima hawajajua bado. Ukisema, kadi watachukua. Na dawa zako za presha je?"

"Nishazikwa mie. Presha ya nini?"

Akanipisha.

Nilipanda bajaji hadi Kimara, kisha mwendokasi hadi Kivukoni. Saa tatu nikawa juu ya pantoni. Mara ya mwisho tulivuka sote wawili. Mwajuma alikuwa anamung'unya ubuyu na kutemea kokwa majini, nikamgombeza kama mtoto. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanisogezea nafasi.

"Kaa, bibi. Unakwenda kusalimia?"

"Nakwenda kwa mdogo wangu."

Sikusema uongo.

Saa nne, zahanati. Binti wa mapokezi alinipa shikamoo, akauliza jina.

"Mwanahawa Salumu."

Akabonyeza kompyuta. Akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena.

"Bibi, kuna ndugu yako mnaitwa sawa? Maana huyu hapa ameshafariki."

"Huyo ndiye mie. Niitie daktari."

Daktari Neema, binti wa bara, namjua tangu kompyuta zilipoletwa pale. Siku hizo alikuwa anacheka mpaka jino la mwisho. "Bibi, nimepumzika na madaftari yenu yaliyolowa mafuta ya kupikia! Sasa nabonyeza tu, naona habari zako zote." Safari hii aliponiona alishika meza. Nikamwambia yote. Akanisimulia na yeye.

"Nilimuuliza kama kuna dawa inayomdhuru. Akafungua mdomo. Nikamwahi, nikamgeuzia kioo: 'Mbona mwaka juzi tulikuchoma sindano hii hapahapa, ukapona?' Akainama. Akasema, 'Kweli, nimesahau.' Nikamchoma."

Mwajuma hakusahau. Sindano ile ilimvimbisha tangu usichana wake. Kwenye daftari lake la hospitali nesi alishaandika, akapiga na mstari mwekundu. Daftari lilibaki chini ya godoro, kwa sababu lina jina lake.

"Niliipenda sana hii mashine, bibi," akasema. "Siku hizi namuuliza kila mtu mara tatu. Foleni inafika getini. Wananicheka, eti daktari kazeeka kabla ya siku zake."

"Mashine ilikwambia kweli, mwanangu. Ilikwambia habari zangu. Na mie nilikuwa nyumbani napepeta mchele."

Akalia. Mie sikulia, nilimwambia aandike. Akasema yaliyokwisha kuandikwa hayafutiki, ila anaweza kuongeza chini yake, na kadi itasimamishwa.

"Simamisha. Andika: Mwajuma Salumu. Halafu nisomee."

Akanisomea. Nikamwomba arudie.

Saa nane nilivuka kurudi. Nilisimama peke yangu, kadi sina.

Nimejifunza nini? Kwamba daktari anamtibu yule aliyeambiwa kuwa yupo mbele yake. Na kwamba mdogo wangu alinitii mpaka akafa, nami nilikuwa nimezoea kutiiwa.

Nilipofika Kinyerezi, alasiri, watu wa nyumbani walikuwa uani wanachambua mchele wa arobaini. Nikawasimamisha wote. "Kuanzia leo, humu ndani kila mtu ataumwa kwa jina lake. Na keshokutwa kwenye dua, Hamisi, umtaje marehemu kwa sauti, majirani wasikie: Mwajuma. Atakayenong'ona, asile pilau yangu."