Viazi vya Mama Fabiola

Ernestine Nyiramahirwe alilima viazi Kibumba, akaviuza katika soko la Virunga, Goma. Meza yake iligusana na meza ya Fabiola, mwanamke wa Butembo ambaye watoto wao walibatizwa siku moja. Zamani wote wawili waliuza viazi vya Kibumba, na mmoja akienda kula, mwingine alimwangalizia meza.

Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakubwa walipeana mikono, na ushuru wa mazao yanayovuka mpaka ukapunguzwa. Fabiola aliiona nafasi hiyo mapema. Alijiunga na wachuuzi wa mpakani, akaanza kuleta viazi vya upande wa pili wa mpaka: vikubwa, vyekundu, vilivyooshwa. Vya Ernestine vilibaki vidogo, vimeshika udongo mweusi wa volkano. Wateja wakahama meza.

Ernestine aliwahesabu kwa macho. Mama huyu alinunua kwangu miaka sita, aliwaza, leo hata salamu hanipi. Fabiola akivaa kitenge kipya, Ernestine alikadiria bei yake. Fabiola akicheka, alihisi anachekwa yeye.

Siku moja mteja alimwuliza mbona vya jirani viko rahisi.

"Vile?" Ernestine akainama kumsogelea. "Banavitia dawa juu visioze. Usipe mutoto."

Neno likatembea soko zima. Wiki nzima Fabiola hakuuza. Mwishowe akamgeukia Ernestine.

"Mama Ernestine, ni weye njo ulisema viazi vyangu viko na sumu?"

"Miye? Nani amekuambia?"

Fabiola alimtazama kidogo, akaendelea kupanga viazi vyake.

Mwaka uliofuata serikali zikagombana. Magari ya mazao yakazuiwa mpakani, na meza ya Fabiola ikakauka. Bei ya viazi vya Kibumba ikapanda. Ernestine aliimba akishusha mifuko kutoka kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Fabiola alipokuja kumwomba amuuzie mifuko kumi kwa jumla, Ernestine alisema imekwisha, hali imejaa nyuma yake, na Fabiola akiiona.

Furaha hiyo ilifika mpaka msimu wa kupanda. Ndipo Ernestine alipogundua kwamba mbegu nzuri na dawa ya kupulizia majani navyo vilikuwa vinatoka upande ule ule uliofungwa. Alizunguka maduka siku tatu. Wakulima wenzake walikuwa wanapanda viazi vilivyonyauka. Kila aliyemwuliza alimjibu jambo moja: mbegu iko kwa Mama Fabiola, aliiweka kabla mpaka haujafungwa.

Alikwenda kwa miguu mpaka mtaa wa Mapendo, nyumbani kwa Fabiola. Fabiola alikuwa anapepeta maharage uani. Alimsikiliza, akaingia ndani, akaburuta mifuko miwili ya mbegu na dumu la dawa.

"Utanilipa kwa bei ya zamani," akasema.

Ernestine alisimama na mfuko mkononi. "Mama Fabiola, maneno ya sumu… ni miye."

"Najua. Najua toka siku ile." Akarudi kwenye maharage yake.

Mbegu ziliota vizuri kupita za majirani wote. Ernestine alipalilia mstari baada ya mstari, na bado Fabiola hakumtoka akilini. Kitenge na wateja, hivyo angeweza siku moja kuvipata. Lakini ni moyo ule wa kujua na bado kutoa uliomtia wivu kuliko vyote.